Kamba ya Pentekoste: safari ya mataifa kuiacha adhabu ya kifo



Tarehe 2 Februari 2023, makumi ya maelfu ya vijana na makatekista walikusanyika Kinshasa, katika uwanja wa Stade des Martyrs, ili kumsikiliza Papa Fransisko. Wengi wetu tunakumbuka jinsi alivyowaalika wautazame mkono wao, akakipa kila kidole jina lake: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha na utumishi. Kidole cha nne kilikuwa cha msamaha. Siku ile huenda ni wachache waliojiuliza kwa nini uwanja ule unaitwa wa Mashahidi, na mashahidi hao ni akina nani.

Ni watu wanne: Évariste Kimba, aliyewahi kuwa waziri mkuu, pamoja na Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, waliowahi kuwa mawaziri. Walikamatwa wakati wa sikukuu ya Pentekoste ya mwaka 1966, wakashtakiwa kwamba walitaka kumpindua Mobutu, ambaye wakati huo alikuwa ametimiza miezi sita tu madarakani. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu upesi, na tarehe 2 Juni wakanyongwa hadharani, mbele ya umati wa makumi ya maelfu ya watu. Baba walikuja na watoto wao kutazama. Miaka mingi baadaye uwanja mkubwa wa michezo ulijengwa karibu na mahali pale, na mwaka 1997 ukapewa jina la wale walionyongwa. Serikali moja iliwaita wasaliti, na serikali nyingine ikawaita mashahidi. Lakini jina jipya halikuweza kuwarudishia uhai.

Tumechagua kuanzia hapo kwa sababu mara nyingi tunasikia ikisemwa, hata baada ya misa, kwamba kupinga adhabu ya kifo ni mawazo ya wageni wasioyajua mateso yetu. Tunataka kuwasimulia, kwa kifupi, jinsi mataifa yalivyojitahidi kuiondoa adhabu hiyo, na jinsi Afrika ilivyoshika nafasi yake katika safari hiyo. Na katika masimulizi haya yote kuna fundisho moja ambalo tungependa mlishike: taifa likiiweka kamba kando kwa kimya tu, bila kujifunga kwa sheria na kwa ahadi mbele ya mataifa mengine, siku ya hasira kamba ile hurudi.

Hatua za kwanza

Kwa karne nyingi karibu kila ufalme wa dunia uliua kwa jina la haki. Mwaka 1764, kijana mmoja wa Milan aitwaye Cesare Beccaria, mwenye umri wa miaka 26, alichapisha kitabu kidogo juu ya makosa na adhabu. Aliuliza swali lililowasumbua wafalme: sheria inayokataza kuua inawezaje kuwafundisha watu kutoua kwa njia ya kuua? Alisema pia kwamba kinachomzuia mtu kutenda uovu ni uhakika wa kukamatwa na kuadhibiwa, zaidi ya ukali wa adhabu yenyewe.

Tarehe 30 Novemba 1786, Pietro Leopoldo, mtawala wa Toscana katika nchi ambayo leo ni Italia, aliifuta adhabu ya kifo katika sheria zake. Lilikuwa jambo geni Ulaya. Hata hivyo, miaka michache baadaye, ghasia zilipozuka, adhabu hiyo ilirudishwa kwa makosa kadhaa. Tangu mwanzo kabisa, basi, njia hii imekuwa na mbele na nyuma. Venezuela iliifuta mwaka 1863, na Ureno ikaiondoa kwa makosa ya kawaida mwaka 1867.

Haitufai kuficha kwamba wakati huo Kanisa letu lilikuwa bado nyuma. Mapapa walipokuwa watawala wa Roma na nchi zilizoizunguka, walikuwa na mnyongaji wao. Giovanni Battista Bugatti, aliyejulikana na wakazi wa Roma kama Mastro Titta, alitekeleza hukumu 516 kati ya mwaka 1796 na 1864. Hata mji wa Vatikano, ulipopata kuwa dola mwaka 1929, uliiweka adhabu ya kifo katika sheria yake kwa atakayejaribu kumuua Papa, mpaka Papa Paulo VI alipoifuta mwaka 1969. Tunayataja haya ili asiwepo wa kudhani kwamba Kanisa lilizaliwa likijua yote. Lilijifunza, na kujifunza kwake ni sehemu ya historia hii.

Kwetu Kongo mambo yalikuwa na sura mbili. Ubelgiji, nchini mwake, ilikuwa karibu imeacha kuwaua wahalifu wa kawaida tangu mwaka 1863. Lakini katika koloni, watu weusi waliendelea kunyongwa. Mwaka 1921, mahakama ya kijeshi huko Thysville, mji tunaouita leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu Simon Kimbangu kifo kwa sababu ya mahubiri yake. Mfalme Albert I aliigeuza hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akapelekwa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ambako alifia gerezani mwaka 1951, baada ya miaka 30 ya kifungo. Anayesema kwamba adhabu ya kifo ni desturi yetu ya asili, na kwamba kuifuta ni jambo la kuletwa, akumbuke pia ni nani aliyesimika miti ya kunyongea katika miji yetu.

Neno la mataifa baada ya vita

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, dunia ilikuwa imeona dola zikiwaua watu kwa mamilioni. Tarehe 10 Desemba 1948, Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kila mtu ana haki ya kuishi. Tangazo hilo halikuitaja adhabu ya kifo, kwa kuwa nchi nyingi zilizolipigia kura zilikuwa bado zinaitumia. Mbegu ilipandwa, lakini mti ulichelewa kuota.

Mwaka 1966, mwaka uleule wa kamba ya Pentekoste, mataifa yalikubaliana juu ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Kifungu chake cha sita kiliiwekea adhabu ya kifo mipaka: itolewe kwa makosa mazito kabisa tu, asihukumiwe kifo mtu kwa kosa alilolitenda akiwa hajatimiza miaka 18, wala asiuawe mwanamke mwenye mimba. Nchi yetu ilijiunga na mkataba huo mwaka 1976. Ulaya nayo ilisonga mbele mwaka 1983, kwa itifaki iliyozifunga nchi zilizoitia sahihi kutoua wakati wa amani.

Hatua kubwa zaidi ilikuja tarehe 15 Desemba 1989. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha itifaki ya pili ya mkataba ule wa mwaka 1966. Nchi 59 zilikubali, 26 zilikataa, na 48 hazikuegemea upande wowote. Itifaki hiyo inasema kwamba mtu yeyote asiuawe kwa hukumu katika nchi iliyojiunga nayo, na kwamba nchi hiyo ichukue hatua zote zinazohitajika ili kuifuta adhabu ya kifo. Tena haina kifungu kinachoruhusu kujitoa. Nchi inayoingia inafunga mlango nyuma yake na kuuacha ufunguo mikononi mwa mataifa yote. Kwa wengine jambo hilo linatisha. Kwa maoni yetu, hapo ndipo ilipo nguvu ya itifaki hiyo, kama ilivyo nguvu ya ndoa takatifu: ahadi inayoweza kuvunjwa siku ya ghadhabu haimlindi mtu siku ile anapoihitaji zaidi.

Kura iliyoshindwa na kura iliyoshinda

Itifaki inawafunga wanaojiunga kwa hiari tu. Ilibaki kuziomba nchi zote za dunia angalau kusitisha utekelezaji. Mwaka 1994 Italia ilipeleka ombi hilo mbele ya Baraza Kuu. Singapore na nchi nyingine zikajibu kwamba kila taifa lina mamlaka ya kujichagulia adhabu zake, na zikaingiza maneno hayo katika maandishi yenyewe. Ombi likapoteza nguvu. Kura zilipohesabiwa, 36 zilikubali, 44 zilikataa, na 74 hazikuegemea upande wowote. Limeanguka kwa kura nane.

Kushindwa huko kulifundisha jambo. Maadamu ombi lilionekana kuwa la Ulaya peke yake, nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa zililiona kama amri ya bwana wa zamani. Ikawa lazima litamkwe kwa sauti nyingi. Kwa hiyo vikundi vya raia, na kati yao jumuiya ya walei wakatoliki ya Sant'Egidio yenye makao yake Roma, vilianza kukusanya sahihi katika parokia, misikiti, shule na masoko. Sahihi zilitoka katika nchi zaidi ya 150. Mwezi Novemba 2007, sahihi zaidi ya milioni tano zilikabidhiwa kwa rais wa Baraza Kuu mjini New York. Kati ya waliozipeleka alikuwa sista Helen Prejean wa Marekani, aliyewasindikiza waliohukumiwa kifo mpaka saa yao ya mwisho, na ambaye pia aliwatafuta wazazi wa wale waliouawa ili kulia pamoja nao.

Safari hii azimio lilitayarishwa na nchi za mabara yote. Gabon na jirani yetu Angola zilikuwa kati ya waandishi wake, pamoja na Brazil, Mexico, Ufilipino, Timor-Leste na nyingine. Tarehe 18 Desemba 2007 lilipita kwa kura 104 dhidi ya 54, na nchi 29 hazikuegemea upande wowote. Kongo yetu ilikuwa kati ya hizo 29.

Azimio kama hilo halina nguvu ya sheria, na mwaka uliofuata nchi 58 ziliandika kwamba hazilitambui. Lakini limerudiwa mara kwa mara, na tarehe 17 Desemba 2024 lilipata kura 130 dhidi ya 32. Ni miaka 30 tangu kura 36 za mwaka 1994. Watu waliokuwa wakichekwa kama waota ndoto wameiona sehemu kubwa ya dunia ikiwafuata.

Afrika haikungoja kuongozwa

Cabo Verde iliifuta adhabu ya kifo mwaka 1981. Mwaka 1990 zikafuata Msumbiji, Namibia na São Tomé na Príncipe, na mwaka 1992 Angola. Nyingi kati ya nchi hizi zilikuwa zimetoka vitani au zilikuwa bado vitani. Zilijua vizuri kuliko wengine jinsi damu inavyomwagika kwa urahisi.

Tarehe 6 Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, chini ya Arthur Chaskalson, ilitoa hukumu inayosomwa mpaka leo. Wakati ule watu wa Afrika Kusini waliogopa sana ujambazi, na wengi walitaka wauaji wanyongwe. Mahakimu wote 11 walikubaliana kwamba adhabu ya kifo haipatani na katiba mpya. Walisema kwamba hofu ya wananchi ni ya kweli na inastahili kusikilizwa, lakini kazi ya mahakama ni kuilinda haki ya kila mtu, hata ya yule asiyependwa na yeyote. Baadhi yao walieleza uamuzi wao kwa neno la Kiafrika, ubuntu: utu wangu umefungamana na wako, na nikiukanyaga wako nimeukanyaga wangu. Neno hilo halikuletwa na meli. Nasi tunalijua tunaposema kwamba mtu ni watu.

Sasa tunafika mahali panapouma. Tunapaswa kuitaja Rwanda, nasi tunajua kwamba kwa vijana wengi wa Goma, Bukavu na Uvira jina hilo leo lina sauti ya bunduki na ya watu waliolazimika kukimbia makwao. Hatuwaombi msahau. Lakini historia haichagui walimu wake kwa mapenzi yetu. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari, Baraza la Usalama liliunda mahakama ya kimataifa kwa ajili ya Rwanda. Mahakama hiyo haikuwa na uwezo wa kutoa adhabu ya kifo, na Rwanda, iliyokuwa mjumbe wa Baraza wakati huo, ilipiga kura ya kukataa, huku hilo likiwa mojawapo ya malalamiko yake. Mwezi Aprili 1998, watu 22 waliohukumiwa kwa mauaji hayo walipigwa risasi hadharani.

Lakini wengi kati ya watuhumiwa walikuwa mikononi mwa mahakama ile ya Arusha au wamejificha Ulaya na kwingineko. Nchi zilizokwisha kuifuta adhabu ya kifo hazikukubali kuwarudisha watu mahali ambapo wangeweza kuuawa. Mwaka 2007 Rwanda iliifuta, na hukumu za kifo za mamia ya wafungwa zikageuzwa kuwa vifungo. Burundi ikafanya hivyo mwaka 2009, na majirani zetu wa Kongo-Brazzaville mwaka 2015. Ahadi za mataifa mengine zilikuwa zimeivuta sheria ya nchi iliyokuwa na sababu nyingi kuliko zote za kulipiza kisasi. Ikiwa nchi iliyopoteza mamia ya maelfu ya watu wake iliweza kuhukumu bila kuua, nani atatuambia kwamba sisi hatuwezi?

Orodha imeendelea kurefuka: Guinea mwaka 2016, Chad mwaka 2020, Sierra Leone mwaka 2021, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Zambia mwaka 2022, na Zimbabwe siku ya mwisho ya mwaka 2024. Ukiitazama ramani, Kongo yetu imezungukwa na nchi ambazo nyingi zao zimekwisha kuiweka kamba chini.

Kanisa linajifunza kwa sauti

Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya Injili ya Uhai, alifundisha kwamba hali ambazo ingehitajika kumuua mkosaji ili kuilinda jamii zimekuwa adimu mno, karibu hazipo kabisa. Katekisimu ilirekebishwa mwaka 1997 kufuatana na mafundisho hayo. Januari 1999, akiwa St. Louis, Marekani, alimwombea mfungwa aliyengoja kuuawa, na gavana wa Missouri, ambaye hakuwa mkatoliki, akambadilishia hukumu.

Mwezi Agosti 2018 yalitangazwa maneno mapya ya Katekisimu, namba 2267, yaliyoidhinishwa na Papa Fransisko. Sasa Kanisa linafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa sababu inashambulia hadhi ya mtu ambayo haipotei hata akitenda maovu makubwa, na kwamba Kanisa linajitoa kufanya kazi ili ifutwe duniani kote. Mwaka 2020 alirudia jambo hilo katika waraka wake juu ya udugu. Kwa hiyo kijana mkatoliki anayetamani kuona watu wakinyongwa anasimama nje ya mafundisho ya Kanisa lake, na tungekuwa waoga kama tusingemwambia.

Mzizi wake ni wa zamani kuliko Katekisimu. Kaini alipomuua ndugu yake, Mungu alimwadhibu, lakini alimtia alama ili yeyote amwonaye asimuue. Muuaji wa kwanza katika Maandiko aliishi chini ya ulinzi wa Mungu.

Na sisi?

Katika nchi yetu, hukumu za mwisho kutekelezwa ni za Januari 2003. Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo mahakama ziliendelea kutoa hukumu za kifo, lakini hakuna aliyeuawa. Katiba ya mwaka 2006 inasema, katika kifungu cha 16, kwamba mtu ni mtakatifu na kwamba dola ina wajibu wa kumheshimu na kumlinda. Wengi tuliridhika. Tulidhani jambo limekwisha, na hatukuwasukuma wabunge waandike sheria wala watie sahihi itifaki.

Tarehe 13 Machi 2024, waraka mmoja wa Wizara ya Sheria uliondoa usitishaji huo. Sababu zilizotolewa ni usaliti katika jeshi wakati wa vita vya mashariki, na ujambazi wa kuluna mijini. Maaskofu wetu walipinga waziwazi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, zaidi ya watu 100 waliohukumiwa kifo walihamishwa kutoka Kinshasa hadi gereza la Angenga, jimbo la Mongala, na ilitangazwa kwamba watauawa. Wengi wao ni vijana wa umri wenu. Kilichodumu miaka 20 kiliangushwa kwa karatasi, kwa kuwa hakikuwa na msingi mwingine ila ukimya.

Hatusemi haya kama watu wasiojua maumivu. Kati yetu wapo waliozika ndugu waliokatwa kwa mapanga ya kuluna, na wapo waliotoka Masisi au Rutshuru wakiwa na mfuko mmoja tu mkononi. Hasira yao ni ya haki, na haki wanayoidai ni ya kweli. Wanastahili askari wasiouza silaha, polisi wanaofika wanapoitwa, mahakimu wasiohongwa na magereza yasiyotoroshwa watu. Adhabu ya kifo haiwapi hata moja kati ya hayo. Inawapa tamasha, kama lile la mwaka 1966, na kesho yake njia ya kwenda shambani ingali na hatari ileile.

Tena mahakama hukosea, na siasa hugeuka. Mwezi huohuo wa Januari 2003, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo watu wapatao 30 kwa mauaji ya rais Laurent-Désiré Kabila. Hawakuuawa. Kwa miaka mingi baadhi ya watu waliendelea kuitilia shaka kesi ile. Januari 2021, wale waliokuwa bado hai, akiwemo kanali Eddy Kapend, walipata msamaha wa rais na wakatoka gerezani. Kama wangepigwa risasi, msamaha huo ungewakuta wapi? Na mwezi Septemba 2025, mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo, bila yeye kuwepo, Joseph Kabila, aliyekuwa rais wakati hukumu za mwisho zilipotekelezwa. Hatuingii katika siasa ya kesi hiyo. Tunakumbusha tu kwamba panga la adhabu hii hupita mkononi kwa mkono, na leo aliyeshika mpini kesho hushikishwa makali.

Lakini kabla ya kuwanyoshea kidole wakubwa, tujitazame. Ni nani wanaokusanyika mwizi anapokamatwa sokoni? Ni nani wanaoleta tairi na petroli? Mara nyingi ni vijana, na wengine wao Dominika huimba katika kwaya. Umati ule hauna hakimu, hauna shahidi, hauna rufani. Hatuwezi kuiomba serikali iweke kamba chini huku sisi tumeshika mawe. Yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu aliokoka kwa sababu watu, kuanzia wazee, walikubali kuyaangusha mawe yao mmoja mmoja. Safari ya mataifa tuliyoisimulia ni watu haohao wakiangusha mawe, nchi moja baada ya nyingine.

Tangu mwaka 2002, kila tarehe 30 Novemba, siku ya kumbukumbu ya sheria ile ya Toscana, miji mingi ya dunia huwasha taa katika majengo yake makubwa kwa ajili ya uhai, na parokia hufanya mikesha ya sala. Kesho yake, tarehe 1 Desemba, sisi wa Kongo tunaadhimisha sikukuu ya Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 na ambaye alimsamehe aliyemuua. Papa Yohane Paulo II, alipomtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa mwaka 1985, alisema kwamba yeye naye, kwa jina la Kanisa lote, anamsamehe muuaji huyo. Tunapendekeza kila kikundi cha vijana kiziunganishe siku hizo mbili kwa mkesha mmoja. Wasomewe majina ya waliouawa na majambazi na majeshi, na waombewe pia walioko Angenga. Na asubuhi, wajumbe wa kikundi wamwendee mbunge wao na kumwuliza swali moja: ni lini Kongo itajiunga na itifaki ya mwaka 1989?

Maswali kwa ajili ya kikundi

1. Mtu wa familia yetu akiuawa, tunahitaji nini kutoka kwa dola na kutoka kwa shirika letu ili tusitamani kisasi?

2. Je, tumewahi kuona mwizi akipigwa au kuchomwa? Tulisimama wapi, na leo tungefanya nini?

3. Kidole cha nne cha mkono wetu kinatudai hatua gani mwaka huu, katika parokia yetu?